Shajara ya Mradi: Elimu ya Mifereji na Majitaka Mitaani Mombasa

Januari, wakati wa kaskazi

Mradi wa kuwaelimisha wakazi kuhusu mifereji ya maji ya mvua na mabomba ya majitaka umeanza mwezi huu. Shajara hii itaandikwa kila tunapomaliza hatua moja, ili wazee wa mitaa, walimu, maimamu, wachungaji na mkazi yeyote anayeufuatilia ajue kilichofanyika, kilichokwama na kwa nini kilikwama. Tumechagua kuanza katika kaskazi, mvua ikiwa imekatika, kwa sababu mtaro mkavu huanika kila kilichotupwa ndani yake: chupa za plastiki, magunia, nepi, makaka ya madafu, na mchanga wa ujenzi uliomwagwa kando ya njia kisha ukasombwa na mvua za vuli. Mkazi akisimama juu ya vitu hivyo hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi.

Kikao cha kwanza cha timu kilishughulikia jambo moja tu, nalo ni kile tunachotaka mkazi akielewe. Tulikuwa na rasimu za mabango yaliyojaa makatazo, na tukaziweka kando. Mabango ya usitupe, usimwage na usijenge yamekuwapo mjini kwa miaka mingi, na mitaro bado inaziba. Tukaafikiana kwamba kila mkutano, uwe wa barazani, shuleni au sokoni, utaanza kwa swali moja: maji haya yanakwenda wapi?

Jibu lake ndilo msingi wa kazi yetu yote. Mfereji wa maji ya mvua hauna mtambo mwishoni. Kinachoingia ndani yake huishia moja kwa moja kwenye hori ya Tudor, Kilindini au bahari kuu, jinsi kilivyoingia. Bomba la majitaka ni jambo jingine, kwa kuwa limetengenezwa lipeleke uchafu wa vyooni na jikoni mahali pa kusafishwa kabla ya kuachiliwa. Sehemu kubwa ya wakazi wa kaunti hii hawajaungwa kwenye bomba hilo, nao hutegemea karo, yaani tangi la chini ya ardhi la kukusanyia majitaka ya nyumba, au vyoo vya shimo, ambavyo navyo vina kanuni zake. Wengi tuliozungumza nao wanaichukulia mitandao hiyo kuwa mmoja. Kwa kuichukulia hivyo, mtu huona si kosa kuelekeza bomba la choo chake kwenye mtaro wa barabarani, kwa kudhani kwamba mbele ya safari kuna mtu atakayeyasafisha maji hayo.

Upande wa sheria tuliuweka wazi tangu mwanzo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa, pamoja na huduma za maji na usafi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka wananchi wapewe elimu ya uraia na washirikishwe. Nayaandika haya mapema kwa sababu yanaamua namna tutakavyozungumza na watu: anayekuja mkutanoni ni mwenye haki na mwenye wajibu, hivyo hafai kukaripiwa, wala hafai kubembelezwa kama mtoto.

Februari, Majengo hadi Tudor

Tulianzia Majengo. Badala ya kukaa kwenye viti tuliufuata mtaro kwa miguu, pamoja na mzee wa mtaa, kina mama wa nyumba zilizo kando yake, na vijana wanaosukuma mikokoteni ya taka, mpaka tukateremka upande wa Tudor, ambako maji hutoka na kuingia kwenye mikoko. Njiani tulisimama kila palipoziba na kuuliza kilichopaziba. Watu wenyewe ndio waliojibu, na walijua zaidi yetu: hapa ni mchanga wa jengo linaloendelea kujengwa, pale ni daraja dogo ambalo mwenye duka amelijenga juu ya mtaro bila kuacha nafasi ya kuzibulia, na kule chini ni nepi.

Wazee kadhaa walitukumbusha kwamba mifuko ya plastiki, iliyokuwa ikijaza mitaro hii, imepungua sana tangu ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Ushuhuda huo nauthamini, kwa maana unaonyesha kwamba hali inaweza kubadilika, na kwamba watu huyakumbuka mabadiliko wanayoyaona kwa macho yao.

Tulipofika kwenye mdomo wa mtaro, mama mmoja aliyetembea nasi tangu mwanzo alisema: "Mwanangu, nimekusikia, na maji yanakokwenda nimeyaona. Sasa nambie, taka zangu nikazitupe wapi?" Alieleza kwamba kijana wa mkokoteni hupita siku anayotaka, kwamba jaa la karibu liko mbali kwa mtu mwenye watoto wadogo, na kwamba nyumba yake ina vyumba vya wapangaji wengi wasio na pipa hata moja. Wenzake walimuunga mkono, na mazungumzo yote yaliyobaki yalihusu hilo.

Swali hilo limeugeuza mpango wetu. Elimu inayomwambia mama asitupe taka mtaroni bila kumwonyesha mahali pa kuzitupa humtwisha lawama tu, naye ana haki ya kutoisikiliza. Kwa hiyo, kabla ya kwenda mtaa mwingine, tulikaa na wenzetu wanaosimamia uzoaji taka, vijana wa mikokoteni na wenye nyumba. Vijana walikubali kupita asubuhi za siku zinazojulikana, wenye nyumba wakakubali kuweka pipa uani na kuingiza malipo ya kijana ndani ya kodi, na sisi tukaahidi kwamba taka zitakazofikishwa jaani zitaondolewa kabla hazijarudi mtaroni kwa upepo na mvua. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo itakayopimwa.

Tumeweka pia ubao mbele ya ofisi ya chifu. Kila ombi linaloletwa mkutanoni huandikwa hapo: mahali, siku lilipopokelewa, aliyekabidhiwa, na limefikia wapi. Mwenzetu mmoja alihofia kwamba ubao wa namna hiyo utaonyesha upungufu wetu hadharani. Nakubali kwamba utauonyesha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa mkazi anayeona ombi la jirani yake likiwa limeandikwa "limekamilika" ataleta la kwake, na anayeona limekaa bila jibu atakuja kuuliza.

Februari, wanafunzi Kipevu

Wanafunzi wa darasa la juu la shule moja ya msingi walizuru mtambo wa kusafisha majitaka wa Kipevu, bara ya magharibi. Lengo lilikuwa waone mwisho wa safari ya bomba, baada ya kuuona mwisho wa safari ya mtaro. Walielezwa hatua moja baada ya nyingine: vyuma vinavyokamata vitambaa na plastiki, mahali mchanga unapotuama, kisha vijidudu hai vinavyokula uchafu vikipewa hewa ya kutosha. Hatua hiyo ya vijidudu ndiyo iliyowavuta zaidi, kwa sababu wengi walidhani maji husafishwa kwa dawa tu. Msichana mmoja aliuliza kama dawa kali za kuzibulia choo zinaweza kuviua vijidudu hivyo. Zinaweza kuvidhuru zikiingia kwa wingi, na swali lake sasa limo katika karatasi tunayowapa wenye nyumba.

Si Mombasa peke yake inayowapeleka watu kutazama kinachofichwa chini ya ardhi. Mjini Paris, umma umekuwa ukiingizwa kwenye mahandaki ya majitaka tangu maonyesho makubwa ya 1867, na leo kuna makumbusho kamili ndani yake. Tumewaeleza walimu jambo hilo kwa sababu baadhi ya wazazi walisita, wakiona si heshima kumpeleka mtoto mahali pa uchafu. Baada ya ziara, wazazi wawili kati ya hao waliomba nao wapelekwe.

Mwisho wa Februari, Mji wa Kale

Mkutano huu ndio uliotufaidi kuliko yote kufikia sasa, nao uliongozwa zaidi na wavuvi na manahodha wazee kuliko na sisi. Tulikwenda na maelezo ya kwa nini barabara fulani hufurika hata pale mtaro ulipozibuliwa, na tukakuta watu wanaoijua sababu hiyo tangu utotoni, ingawa hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huweza kukaribia mita 4. Mdomo wa mtaro uliojengwa chini hufunikwa na bahari maji yanapojaa, na mvua kubwa ikinyesha saa hiyo hiyo, maji ya barabarani hayana pa kwenda. Hurudi nyuma na kupanda kwenye nyua za watu. Mvua hiyo hiyo ikinyesha siku za maji mafu, ambazo bahari hujaa kidogo tu, au bahari ikiwa imekupwa, huteremka bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo mtaro mmoja, ukiwa safi vilevile, hufurika leo na usifurike wiki ijayo. Mkazi asiyeelezwa hili huamini kwamba kazi ya kuzibua haikufanyika, na huacha kushiriki.

Nahodha mmoja mzee alitupa ratiba iliyo bora kuliko ile tuliyokuja nayo. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila nyumba ya Kiislamu katika mtaa huu inajua tarehe za mwezi. Siku hizo bahari hujaa karibu na alfajiri na alasiri, na hukupwa sana katikati ya asubuhi, wakati midomo ya mitaro ikiwa wazi kabisa. "Mkizibua asubuhi ya bamvua, mwaona mpaka ndani," alisema, "na mvua ikifunga alasiri ile ile, mwajua mapema nani wa kumwonya."

Tangu sasa ukaguzi wa midomo ya mitaro upande wa kisiwani utapangwa kwa tarehe za mwezi, na tangazo la tahadhari litatolewa misikitini na makanisani siku ambazo bamvua na utabiri wa mvua kubwa vinakutana. Nimefurahi mno kuliandika jambo hili. Maarifa ya namna hii yamekuwapo ufukweni vizazi na vizazi, na idara inayoshughulika na maji ya mji ilipaswa kukaa na wenye maarifa hayo.

Machi, mwezi wa Ramadhani

Mikutano ya mchana ilisimama, na tukahamia baada ya tarawehe. Mada ilijichagua yenyewe, kwa kuwa huu ndio mwezi ambao sufuria na karai za mafuta hujaa kila pembe: viazi karai, bajia, kaimati, sambusa, mahamri. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa yakiwa moto huonekana kama maji, lakini yakipoa ndani ya bomba huganda, hushika nywele, vitambaa na mabaki ya chakula, na mwishowe huacha tundu dogo tu la kupitisha maji. Majitaka yasiyopita mbele hutokea kwenye chemba, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba, iliyo chini kuliko nyingine, na kwa kawaida hiyo ni ya mtu ambaye hakukaanga chochote.

Tuliwaonyesha picha ya pandikizi la mafuta lililokutwa Septemba 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa takriban tani 130, lililojengwa na mafuta ya jikoni na vitambaa vya kujipangusia vilivyotupwa chooni. Kuliondoa kulichukua wiki kadhaa, na kipande chake kikawekwa katika jumba la makumbusho la mji huo mwaka uliofuata. Kina mama wa Mwembe Tayari na wa sokoni Kongowea waliiangalia picha kwa muda mrefu. Mmoja alisema kwamba ameona kitu cha aina hiyo, kidogo, kwenye bomba la nyuma ya kibanda chake, akidhani ni sabuni.

Ushauri wenyewe ni mwepesi: mafuta yapozwe, yamiminwe kwenye galoni yenye kifuniko, na karai ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Wakaangaji wa Kongowea waliomba wawekewe pipa moja la pamoja na mtu wa kulichukua. Tumekubali pipa. Mchukuaji bado anatafutwa, na ombi limeandikwa ubaoni.

Kuhusu nepi na sodo, mazungumzo yalifanywa na wanawake wa timu pamoja na wanawake wa mtaa, kando, kama walivyotaka wenyewe. Ninachoweza kuandika ni kwamba hitaji lao ni pipa lenye kifuniko na usiri, na tumelipeleka kwa wenye nyumba za kupangisha.

Aprili, Kisauni na Likoni

Huku hali ni tofauti na kisiwani, na hotuba ya bomba haina maana mahali pasipofikiwa na bomba. Tulizungumza kuhusu karo, vyoo vya shimo na visima. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu, na maji ya chini hayako mbali. Kinachovuja kutoka shimo la choo hupita upesi kuliko kingepita katika udongo mzito, na kisima cha jirani ndicho kinachokipokea. Kipindupindu huenea kwa njia hii hasa, kinyesi cha mgonjwa kikifika kwenye maji ya kunywa. Maji ya kisima yanaweza kuwa meupe, yasiwe na harufu, na bado yakaua. Tuliwaomba wenye visima wavifunike, wayachemshe maji au kuyatia dawa kwa kipimo kabla ya kunywa, na wasichimbe choo kipya upande wa juu wa kisima.

Lakini hapa tumekutana na kizuizi ambacho elimu haiwezi kukiondoa. Watu wengi wa sehemu hizi wana nyumba bila kuwa na ardhi. Wanalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, ambaye pengine hawajamwona kwa miaka, na hawana uhakika wa kukaa. Mzee mmoja wa Likoni alituuliza kwa upole kwa nini ajenge karo la saruji la gharama kubwa mahali anapoweza kuondolewa. Hoja yake ni ya haki, na sitaki shajara hii iandike kwamba watu wa Likoni "wanahitaji kuhamasishwa" zaidi. Tumependekeza kwa maandishi kwamba vyoo vya pamoja vyenye mashimo yanayoweza kunyonywa na gari vipangwe kwanza katika mitaa ya namna hii, pamoja na njia pana ya gari hilo kufika. Mitaa mingi ina vichochoro visivyopitika hata kwa mkokoteni.

Ndiyo maana vijana hukodiwa usiku kumwaga mashimo ya vyoo kwa ndoo. Tulikutana nao peke yao, bila chifu wala askari, kwa sababu mafunzo waliyoyahitaji yalikuwa ya kuokoa maisha. Shimo la choo na chemba huweza kujaa hewa ya sumu yenye harufu ya yai viza, na hatari yake kubwa ni kwamba ikizidi, pua huacha kuisikia. Mtu hudhani hewa imesafika, kumbe ndiyo imekuwa ya kuua. Anayeanguka ndani asifuatwe na mwenzake bila vifaa, kwa maana mara nyingi hufa wote wawili. Vijana walinyamaza, kisha wakaanza kutaja majina ya mitaa na matukio. Wanastahili glavu, mabuti, kamba na mahali halali pa kumwaga wanachokitoa, na hilo nalo liko ubaoni. Katika mkutano huo huo tulizungumza juu ya mifuniko ya chemba inayoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na wao ndio waliotuonyesha chemba nne zilizo wazi kwenye njia ya watoto wa shule. Zimewekewa mifuniko ya zege kwa sasa.

Mei, masika

Mvua zimeingia kwa nguvu, kama kawaida ya Mei, mwezi unaoongoza kwa mvua katika pwani hii. Mitaro ya Majengo iliyozibuliwa Februari imepitisha maji, isipokuwa pale kwenye daraja la mwenye duka, ambapo palijaa na kumwagikia barabarani. Mwenye duka alishuhudia maji yakiingia dukani kwake, na akaja mwenyewe kuuliza namna ya kulijenga upya ili lifunguke. Mji wa Kale walipewa tahadhari bamvua ya kwanza ilipokutana na mvua, na watu wa nyumba za chini walipandisha magodoro na vyombo mapema. Maji yaliingia bado, kwa sababu mdomo wa mtaro uko chini ya bahari, na hilo litabadilishwa na ujenzi, wala si mikutano.

Suala la mbu limezuka upya, nalo linahitaji uangalifu. Wakazi wengi wanaamini kwamba homa ya dengi na chikungunya hutoka mitaroni. Mombasa imeyajua magonjwa haya, dengi katika mlipuko wa 2013 na chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017, lakini mbu wake hupendelea maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani: madramu, mitungi, magurudumu mabovu na vyungu vya maua. Mbu wa maji machafu ya mtaro na vyoo ni mwingine, anayesumbua usiku na anayeweza kueneza matende. Tukiwaambia watu kwamba kuzibua mtaro kutamaliza dengi, tutakuwa tumesema uongo, na mwaka ujao watatudai. Kwa hiyo tunawaomba wazibue mtaro kwa sababu ya mafuriko na mbu wa usiku, na wafunike madramu kwa sababu ya dengi. Tunajua pia kwamba madramu yapo kwa kuwa maji ya bomba huja kwa mgao, na hakuna anayeombwa ayamwage.

Maombi yaliyobaki ubaoni mwezi huu ukiisha ni haya: mchukuaji wa mafuta Kongowea, ambaye amepatikana lakini bei haijaafikiwa, glavu na mabuti ya vijana wa Kisauni, yaliyoidhinishwa na hayajanunuliwa, uondoaji wa taka jaani Majengo, ambao ulichelewa mara mbili wakati wa mvua na sasa umepewa msimamizi wa mtaa huo peke yake, na mkutano wa Mikindani, ulioahirishwa kwa sababu ya barabara kuharibika, ambao utafanywa Juni asubuhi ya bamvua, bahari ikiwa imekupwa, ili wakazi watembee nasi mpaka kwenye mikoko.